Panya, chupa, kinyama au damu: uchunguze makrofaji za ini kwa njia ipi ukiwa Bagamoyo?

Kijana anayenijia kuuliza kuhusu utafiti wa ini mara nyingi huwa ameshasoma makala za Edinburgh na Berlin, na kichwani ameshajenga banda la panya. Bajeti hana, msimamizi bado anamtafuta, lakini panya anao. Namwelewa. Picha nyingi nzuri za makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na takataka, zikivimbisha ini, kisha zikilisafisha, zimetoka kwa panya. Ila njia za kuifikia seli hii ziko nne: panya, seli za kukuzwa chupani, kinyama (kipande kidogo cha ini la mtu) na damu. Kwa aliyeko Bagamoyo au Tanga hazilingani kwa gharama, kwa muda, wala kwa majibu zinayoweza kutoa. Nitazilinganisha hapa kama ninavyozilinganisha na wanaonijia maabara, na sitajificha: nina upande.

Kwanza, wenyeji au wageni?

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kama robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka matumboni, ikiwa imebeba chakula na pia vipande vya bakteria wa utumbo. Ndani ya vijishipa vyembamba vya ini zimekaa seli za Kupffer, makrofaji wenyeji, kazi yao kuvidaka vipande hivyo kabla havijasambaa mwilini. Karl Wilhelm von Kupffer alizieleza mwaka 1876 baada ya kulitia ini rangi kwa kloridi ya dhahabu, akadhani ni sehemu ya ukuta wa mshipa. Ni Tadeusz Browicz wa Kraków, karne hiyo ikielekea ukingoni, aliyezitambua kuwa ni seli zinazomeza.

Wenyeji hawa mbegu yao iliingia kwenye ini mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, na kwa kawaida hujizalisha papo hapo. Wageni ni wengine. Ini likiumia, iwe kwa kirusi, pombe au mafuta, hutoa kemikali ya wito iitwayo CCL2. Monositi, seli nyeupe za damu zilizotoka kwenye uboho, zina kipokezi cha wito huo, CCR2, nazo huingia kwa wingi na kugeuka makrofaji. Kundi hili ndilo humwaga zaidi TNF na IL-1, kemikali za kuchochea uvimbe, likaziamsha seli za jirani zinazotengeneza nyuzi za kovu. Kovu likizidi, ini hukakamaa na kusinyaa. Lakini wageni hao hao, ini likianza kupona, wanaweza kugeuka wakawa wasafishaji wa kovu.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia, amua unamtafuta nani: mwenyeji, mgeni aliye njiani, au mgeni aliyekwisha kuingia. Halafu amua kama unataka kujua wanasababisha nini, au unataka kujua hali zao kwa mgonjwa aliye mbele yako. Mapendekezo mengi ya utafiti ninayopewa nisome yanachanganya haya mawili kwenye sentensi moja.

Panya

Swali likiwa la sababu, hakuna anayemshinda panya. Mfano ninaourudia kila mara ni wa mwaka 2005. Jeremy Duffield na wenzake wa Edinburgh walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili makrofaji zao zife wakidungwa sumu ya dondakoo. Maini ya panya hao yaliumizwa kwa kaboni tetrakloridi mpaka yakaota makovu. Makrofaji zilipoondolewa huku ini likiendelea kuumizwa, kovu lilipungua. Zilipoondolewa baada ya kuumizwa kusimama, wakati ini linajiponya, kovu halikuyeyuka kama ilivyotarajiwa. Mnyama yule yule na seli ile ile, lakini badili wakati tu, jibu linageuka. Jaribio hilo huwezi kumfanyia binadamu, na chupani hutalifanya kwa sababu chupani hakuna kovu la kuyeyuka.

Sasa bei yake. Kaboni tetrakloridi hudungwa mara mbili kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki nne hadi nane, na kila kundi la panya linahitaji kundi lake la kulinganishia. Chumba chao kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 20 hadi 24 usiku na mchana. Mtu aliyelala Bagamoyo mwezi Februari bila feni anajua maana yake: kiyoyozi kisichozimwa, na jenereta nyuma yake. Panya wa kutegwa ghalani hawafai, maana vinasaba vyao havijulikani na magonjwa yao hayajulikani. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kamati ya maadili itakuuliza kwa nini huwezi kutumia wachache zaidi. Jiandae kujibu kwa hesabu, si kwa maneno.

Gharama siyo shida kubwa kuliko zote. Inayonikera zaidi ni umbali wa panya na sisi. Protini ya CLEC4F, ambayo wachunguzi wa panya huitumia kuitambua seli ya Kupffer, haitambulishi seli hiyo kwa binadamu. Halafu kuna suala la usafi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinga ya panya wa maabara, aliyekuzwa bila maradhi, inafanana zaidi na ya mtoto mchanga. Panya wa dukani, aliyeishi na vijidudu, kinga yake inakaribia ya mtu mzima. Na hapa kwetu tunao ushahidi wa jambo linalokaribiana na hilo. Chanjo ya malaria ya PfSPZ ilipojaribiwa Bagamoyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kingamwili na ulinzi kwa Watanzania vilikuwa chini kuliko kwa Wamarekani waliopewa chanjo ile ile. Mwili uliokwisha kukutana na malaria, minyoo na mengine hauanzii sifuri. Kama binadamu kwa binadamu wanatofautiana hivyo, mtu asikwambie kwamba panya aliyekulia kwenye kisanduku safi anamwakilisha mvuvi wa Dunda.

Ongeza kisa cha cenicriviroc, dawa inayoziba CCR2 ili wageni wasiingie kwenye ini. Kwa panya ilipunguza kuvimba na kovu. Jaribio la awamu ya pili kwa wagonjwa wenye ini la mafuta lilileta matumaini baada ya mwaka mmoja. Awamu ya tatu ilisimamishwa mwaka 2021 kwa kukosa faida ya kutosha. Nadharia ya wageni haikufa kwa hilo, lakini ukimsoma Duffield vizuri huhitaji kushangaa sana: ukiwafungia wageni mlango, wasafishaji nao huenda umewaacha nje.

Chupa

Hapa sitakaa sana. Seli za THP-1 zilitokana na damu ya mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu, na zilielezwa Japani mwaka 1980. Unazikuza, unazitia kemikali ya PMA, na baada ya siku chache zinashika sakafu ya chupa na kuanza kufanana na makrofaji. Ni nafuu kuliko panya, hazina fomu ya ridhaa, na zinafanana leo na kesho. Kwa kupima kama dondoo la mti fulani linapunguza TNF, zinatosha kama hatua ya kwanza. Naona wanafunzi wengi wanazipendea hilo, na miti shamba haitatuishia pwani hii.

Ila hazijawahi kuishi kwenye ini. Hata seli ya Kupffer halisi, ukiitoa kwenye ini na kuiweka chupani, huanza kupoteza utambulisho wake haraka, kwa sababu majirani zake ndio walioilea. Na usidhani chupa haina mahitaji: inataka kabati la nyuzi 37 lenye kabonidioksidi asilimia 5, naitrojeni ya kimiminika ya kuhifadhia akiba, na upimaji wa maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli, mara kwa mara. Nawashauri waitumie kama msaidizi wa njia nyingine. Tasnifu nzima juu ya THP-1 peke yake, kisha kichwa cha habari kinasema “ini”, mimi ningeirudisha.

Kinyama

Ukitaka kumwona mgeni aliyekwisha kuingia kwa binadamu, huna budi kufika kwenye ini lenyewe. Mwaka 2019 kundi la Edinburgh lilichapisha uchunguzi wa seli moja moja kutoka kwenye maini ya watu, yenye afya na yaliyosinyaa, likaonyesha makrofaji zenye alama za TREM2 na CD9 zikiwa zimejikusanya mahali penye kovu. Hakuna damu wala chupa ingeonyesha hilo: ni mahali zilipo ndipo palipotoa habari.

Lakini fikiria kinyama kinapatikanaje. Sindano hutoa kipande chembamba kama sentimita mbili, ambacho ni takriban sehemu moja kati ya 50,000 za ini zima. Kutokwa na damu ndani ni hatari ndogo ila ni ya kweli, kwa hiyo kabla yake hupimwa chembe sahani na uwezo wa damu kuganda, na baada yake mgonjwa hulazwa kwa saa kadhaa akiangaliwa. Huwezi kumchoma mtu mzima wa afya kwa ajili ya udadisi wako, kwa hiyo kundi la kulinganishia linakuwa tabu. Na wanaochukuliwa kinyama kwa sababu za matibabu wamepungua. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B unaruhusu uamuzi wa kuanza dawa ufanywe kwa kipimo cha ugumu wa ini kikizidi kilopaskali 7, au kwa hesabu ya APRI ikizidi 0.5. Hesabu hiyo ni ya vidole: AST ya mgonjwa, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida, zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani. Mwenye AST ya 80 pale ambapo kikomo ni 40, na chembe sahani 150 (elfu kwa kila mikrolita ya damu), anapata 1.33. Daktari mwenye jibu hilo haoni sababu ya kuchukua sindano kubwa, na ana haki.

Kwa hiyo kinyama ni njia ya kushirikiana na hospitali kubwa kama Muhimbili, si njia ya kuanzia peke yako. Kuna sindano nyembamba zaidi ya kufyonza seli chache tu kutoka kwenye ini, isiyo na hatari sana, na watafiti wa homa ya ini B wanazidi kuitumia kwa kurudia kwa mtu yule yule. Ikija karibu nawe, itazame.

Damu

Huku ndiko niliko. Damu inakupa mgeni akiwa bado njiani, na inakupa pia dalili za kinachoendelea huko anakokwenda.

Kwanza seli zenyewe. Mililita 20 za damu, ukizitenganisha kwa sentrifuji, hutoa seli nyeupe zenye kiini kimoja kama milioni moja au mbili kwa kila mililita, na monositi ni kati ya asilimia 10 na 20 za hizo. Zigawe kwa alama za CD14 na CD16 uone makundi yake. Wagonjwa wa ini sugu huwa na ongezeko la kundi la kati, lenye alama zote mbili. Au zikuze kwa M-CSF, protini ya kuzikomaza, siku sita au saba, upate makrofaji za mgonjwa huyo, zenye vinasaba vyake na historia ya kinga yake. Zichochee kwa vipande vya bakteria, upime TNF. Kwa swali la “je, makrofaji za mtu mwenye homa ya ini B wa pwani zinaitikiaje”, hiyo inamzidi panya yeyote.

Sharti lake ni muda. Damu ya kutenganisha seli inataka ishughulikiwe siku ile ile, ndani ya saa chache, ikikaa kwenye joto la chumba la kawaida wala si kwenye barafu. Ukichukua damu Bagamoyo saa nne asubuhi ukitegemea kuitenganishia Dar es Salaam, kilomita 70 hivi si kitu; foleni ya kuanzia Tegeta hadi Mwenge ndiyo itakayokuamulia ubora wa monositi zako. Bora itenganishwe hapa hapa. Bagamoyo ina uzoefu huo. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lilishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na Korogwe, na mwaka 2012 hapa ndipo lilipofanyika jaribio la kwanza Afrika, kwa zama hizi, la kuwaambukiza malaria kwa hiari watu wazima kwa vimelea vilivyogandishwa. Vimelea hivyo, kwa taarifa tu, kituo chao cha kwanza ni ini, na hupita karibu kabisa na seli za Kupffer, wakati mwingine ndani yake.

Pili, kama huna uwezo wa kukuza seli, iko alama inayoelea kwenye damu. CD163 ni kipokezi kilichopo kwenye monositi na makrofaji peke yake, kazi yake kuokota hemoglobini iliyomwagika. Makrofaji ikichochewa, kipande cha kipokezi hicho hukatwa na kuingia kwenye damu. Watafiti wa Aarhus, Denmark, wamekifuatilia kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba hupanda kadiri ini linavyovimba na kupata kovu. Hupimwa kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachoonyesha kiasi cha protini kwa rangi, kwenye maji ya damu, na hustahimili kugandishwa. Yaani unaweza kukusanya kwa miezi, ukapima siku moja.

Udhaifu wake usiufiche kwenye aya ya mwisho ya tasnifu. Alama hiyo haisemi kama imetoka kwenye ini au kwenye kiungo kingine. Malaria huipandisha, kifua kikuu huipandisha, VVU pia. Mtu wa Bagamoyo mwenye CD163 ya juu huenda ana vimelea vya malaria tu, na ini lake halina tatizo. Kwa hiyo kila sampuli iambatane na kipimo cha malaria, VVU, homa ya ini B na C, vimeng'enya vya ini ALT na AST, na chembe sahani. Ukikosa hivyo huna utafiti wa ini, una namba.

Na usifike na wazo la kichocho cha ini. Kichocho cha Tanga na pwani hii ni hasa kile cha mkojo. Kinacholisonga ini kwa mayai, ambayo makrofaji huyazingira, ni hasa cha ukanda wa ziwa. Anayetaka hicho apande basi la Mwanza.

Kuna jambo moja la damu ambalo makala za Ulaya hazilijui, nalo ni watu. Pwani hii simulizi za mumiani ni za zamani kuliko maabara zote, na mtu mwenye bomba la sindano na kisanduku cha baridi anayepita vichochoroni anaamsha kumbukumbu. Niliwahi kumsikia msaidizi wetu akijibu maswali barazani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo damu mnakwenda kuiuza?”

“Hatuuzi, bibi. Vijiko vinne vya chai. Viwili tunatafuta seli, viwili tunapima ini lako, na majibu ya ini tunakuletea wewe mwenyewe.”

“Mtaniletea kweli?”

Hilo swali la mwisho ndilo la kulipangia bajeti. ALT yake ikiwa juu au akikutwa na homa ya ini B, lazima uwe umeshaongea na kliniki itakayompokea. Kwa panya hakuna majibu ya kurudisha kwa mtu, na kwa wengine hiyo ndiyo sababu ya siri ya kumpenda panya.

Uchaguzi wenyewe

Ukiniambia swali lako ni “makrofaji zikiondolewa, kovu linakuwaje?”, nakwambia tafuta nafasi ya miezi kadhaa kwenye maabara yenye banda tayari, ndani au nje ya nchi, ufanye kazi hiyo huko. Usianzishe banda kwa pesa za uzamili.

Ukisema unataka kujua kama dawa fulani inazuia TNF, anza na THP-1, lakini panga tangu mwanzo kurudia matokeo kwa monositi za watu angalau wachache. Ukisema unataka kujua makrofaji zimekaa wapi ndani ya ini la mgonjwa wa homa ya ini B, mtafute kwanza mtaalamu wa patholojia, kabla ya mfadhili. Vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta kwa ajili ya matibabu vinaweza kupakwa rangi ya CD68 au CD163, alama za makrofaji, bila kumchoma mtu upya, mradi kibali kimetolewa.

Kwa swali lolote linaloanza na “watu wa hapa”, chagua damu. Monositi kama uko Bagamoyo karibu na maabara yenye sentrifuji na wataalamu. CD163 ya kwenye maji ya damu kama uko mbali nayo. Kibali cha maadili kiombwe mapema, cha taasisi yako na cha kitaifa kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kama unadhani sampuli zitasafiri nje, mkataba wa kuzihamisha uandikwe mwanzoni. Wengi huuacha mpaka friza imejaa.

Aliyeko Tanga, mwenye wagonjwa lakini hana pa kukuzia seli, afanye hivi: achukue damu, atenganishe maji yake siku ile ile, ayagawe kwenye vichupa vidogo viwili au vitatu ili asiyeyushe na kugandisha kila mara, ayaweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta. Sahani moja ya ELISA ina visima 96. Kumi na sita vitakwenda kwenye viwango vya kulinganishia, na kila sampuli ikipimwa mara mbili, zinabaki nafasi za watu 40. Wachanganye wagonjwa na wasio wagonjwa kwenye kila sahani, maana sahani mbili za siku mbili hazitoi namba zile zile hata kwa damu moja. Watu 120 ni sahani tatu. Agiza nne, na uangalie tarehe ya mwisho ya vitendanishi kabla ya kulipa, kwa sababu vikichelewa bandarini huwa vinafika vikiwa vimebakiza wiki chache.